Kifungu cha Arobaini na Moja

Darkhan, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Oyuungerel, wa ofisi ya zabuni,
anasoma mkataba wa mtambo wa joto,
kurasa mia sita, kalamu mdomoni.

Zamani tulitia saini kwa haraka,
wino wetu, hesabu zao.
Mbia alileta mawakili tisa;
sisi tulileta muhuri.

Leo, baada ya majuma sita ya mafunzo
na kikokotoo cha kuazima,
anainua mkono:
"Hapa mnasema serikali italipa
hata mabomba yakiganda. Kwa nini?"

Kimya. Wakili mmoja anavua miwani.

Chai ya maziwa na chumvi inapoa.
Hakuna anayepiga makofi.
Ila muhuri, safari hii,
umebaki kwenye droo.