Macho ya Mapaa

Tulishuka kwenye basi saa tatu asubuhi,
waezekaji wastaafu thelathini na mmoja kutoka Botoșani,
safari ya chama, chakula juu yako mwenyewe,
migongo bado imeshika umbo la viti.
Ruxandra, mwongozaji wetu, mwenye viatu vyekundu
na umri wa wajukuu zetu,
aliinua mwamvuli wa rangi ya ndimu:
"Ufuateni huu, msije mkapotea."

Sisi, kupotea! Watu tunaousoma mji kwa juu.

Alipotuonyesha kanisa, tulitazama paa lake.
Alipomtaja askofu, Eftimie aliutaja mteremko:
"Nyuzi sitini hizo. Theluji haikai hapo
hata ikibembelezwa."
Alipofika karne ya kumi na tano
sisi tulikuwa tumefika kwenye mfereji wa bati
uliofungwa kwa waya,
kazi ya mtu mwenye haraka, au mwenye mshahara kiduchu.
Tulibishana. Mwamvuli ukatungoja.

Na mapaa ya Sibiu yana macho:
vidirisha vyembamba vya darini,
kope nzito za vigae,
yanakukodolea hata ukigeuka.
Wageni huingiwa na woga, alisema Ruxandra,
hudhani wanapelelezwa.
Vasilică alivua kofia, akayaamkia.
Aliye juu mngoje chini, husema watu;
sisi tulishashuka zamani,
magoti ndiyo yaliyobaki huko.

Costache hakuwa amesema neno tangu alfajiri.
Alikuwa akimenya mbegu za alizeti,
maganda akiyatia mfukoni kama mtu mstaarabu.
Kwenye kona ya duka la saa akasimama.
"Ile."
"Ipi?"
"Safu ya nne kutoka chini. Yangu.
Mwaka wa sabini na nane, baada ya mvua ya mawe.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Wiki sita nililala darini humo, nikila vitunguu."
Tuliangalia. Kweli, vigae vya safu ile
vilikuwa vyeusi kidogo kuliko wenzao,
tanuri tofauti, udongo tofauti.
"Chini ya kimoja nilikwaruza jina."
"Lako?"
"La mtu."

Ruxandra alipekua karatasi zake.
Humo mlikuwa na wafalme, tauni, mioto miwili,
bei ya pilipili manga enzi za vyama vya mafundi.
Safu ya nne haikuwamo.
"Kila mtu angeweza kudai," alisema Eftimie,
bila ubaya, maana ni kweli:
paa halitiwi sahihi.
Shahidi wake ni mvua,
nayo husema ukikosea tu.

Basi tukamsukuma hadi kwenye daraja la chuma,
lile ambalo wenyeji husimulia
kwamba hulalama chini ya miguu ya mwongo.
Akashika ukingo kwa mikono miwili,
kucha bado zina lami ya miaka ile.
"Safu ya nne ni yangu."
Kimya. Njiwa mmoja. Harufu ya mikate ya ufuta.
Tukapiga makofi, Ruxandra naye,
mwamvuli umebanwa kwapani.

Kisha Vasilică, mdomo wake haujui kupumzika:
"Na jina je? La nani?"
Costache alitazama barabara inayopita chini ya daraja.
"Nimelisahau," akasema.

Chuma kikalia. Kidogo tu, kama goti.

"Gari la mtoto," alisema Ruxandra upesi,
akimwonyesha mama aliyekuwa akilisukuma nyuma yetu,
"ni gari la mtoto tu,"
akatuongoza kwenye ngazi,
akahesabu vidaraja kwa sauti, bila sababu.

Mvua ilianza tukihesabiana mlangoni mwa basi.
Thelathini na mmoja.
Costache aliketi dirishani, kofia mapajani,
ametega sikio kule mjini,
akisubiri isiseme kitu.