Kundi la Tatu

Saa moja asubuhi, Mansura, maabara ya orofa ya pili.
Namshika panya kwa ngozi ya kisogo,
kidole cha shahada chini ya taya,
na mrija mwembamba unamshuka kooni
kabla hajaamua kung'ata au kumeza.

Kundi la kwanza: mafuta ya mahindi matupu.
Kundi la pili: sumu ya kunyunyizia pamba,
kidogo, kila siku, kiasi kisichoua.
Kundi la tatu: sumu ileile,
ila nusu saa mapema, matone ya habasoda,
tahadhari kabla ya athari.
Siku arubaini na mbili, Ijumaa zikiwemo.
Sumu haina sikukuu.

Daktari Rifaat husifu wepesi wa mkono wangu.
Hajui niliupata wapi:
nikimnywesha mama mchuzi kwa kijiko cha chai
wiki ile waliyomshona shingo.

Nabawiya, miaka tisa, kwenye safu ya watoto
wakipekua majani ya pamba, wakisaka mayai ya viwavi,
msimamizi nyuma na fimbo ya mtende;
na kutoka shamba la jirani ukungu mweupe
ukinuka kitunguu thomu kilichooza.
"Jua lilikuwa kali," husema. "Tuliona ni baridi, tukapanua vinywa."

Rovu lilikuja baada ya miaka, kwa adabu,
kama mgeni aombaye maji kwanza,
kisha mkeka.
Ni ukungu ule? Daktari wa upasuaji aliinua mabega.
Mama hakuwa na kundi la kwanza.

Siku ya arubaini na tatu, nikapasua.
Tezi dundumio ya panya haifikii punje ya mchele,
mabawa mawili yamekumbatia koromeo.
Chini ya hadubini, kundi la pili:
vijumba vimebomoka, kuta zimenywea, ndani pakavu.
Kundi la tatu: vijumba vimesimama,
vimejaa uji wa waridi hadi ukingoni.
Si vyote.
Vingi.

Daktari akapiga meza: "Imekinga!"
Nami nilicheka, wallahi nilicheka,
kisha nikaosha mkasi.
Waliokingwa na wasiokingwa
walilala pamoja kwenye mfuko mmoja wa njano.

Jioni nikampelekea mama chupa iliyosalia.
Akaitazama, akafunua kitambaa cha mikate:
habasoda juu ya kila mkate, nyeusi tii,
kama alivyoinyunyiza mama yake,
kama alivyoila asubuhi zile, kabla ya kwenda shamba.

"Matone mangapi?" akaniuliza, kunifurahisha tu.
Nikatoa kalamu. Panya, gramu mia mbili.
Mama, kilo sitini na nane, na miaka hamsini ya kuchelewa.
Hesabu ikanigomea mkononi.

Akamega mkate, akameza.
Nikaliangalia kovu likipanda, likishuka.

"Nawa kwanza," akasema. "Unanuka panya."