Mawingu Matatu

Dalili ya mvua ni mawingu;
haya matatu ya Vizma hayanyeshi, yanatoza.

Daugavpils, Januari. Ghalani mita za joto elfu arobaini
zimelala maboksini, hazina jina.
La kwanza rahisi, ila kila salamu ina bei.
La pili lataka cheti kichomwe kiwandani,
na kiwanda kilishafungwa.
La tatu, kipenzi cha Ojārs,
Jumanne lilizimika saa mbili nzima.

Usiku akawasha mita moja mezani.
Ikaomba jina.
La kwanza likaipa, hata halikuitazama.
La pili likauliza: ushahidi uko wapi?

"Hilo," akasema Vizma,
akatafuta kisu cha maboksi.
Elfu arobaini, kwa mkono.
Ojārs akavua glavu, akanyamaza,
akavuta boksi la kwanza.