Mguu Pande

Mgongo wangu unajua Kiswahili tu.
Kilugbara nilikinyonya, Kiganda nilikiokota sokoni,
lakini mgongo uliamrishwa uwanjani Nakasongola:
Mguu sawa! Mguu pande! Mguu sawa!
Hata ulipovunjika, ulilia kwa lugha hiyo.

Haikuwa risasi. Niseme wazi,
maana wanangu husubiri niseme risasi.
Lori lilipinduka mchangani, alfajiri, ugenini,
na sanduku likanikalia kiunoni
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.

Kambini walinipa vidonge vyeupe,
kisha vyeupe vikubwa zaidi,
kisha karatasi: KAZI NYEPESI, mhuri, sahihi.
Kazi nyepesi ni kulinda stoo, wima, saa nane.
"Si ulisema kukaa ndiko kunakouma, Koplo Andama?"

Wandegeya kuna fundi mwenye bango la uti wa mgongo
na namba tatu za simu.
Elfu arobaini. Lala kifudifudi.
Akanipanda kwa magoti,
kitu kikalia ndani yangu kama kuni mbichi.
"Umesikia? Huyo ametoka."
Siku nne Driciru alinifunga kamba za buti,
amepiga magoti, kimya,
na mimi nikitazama ukuta
ili nisione utosi wa mke wangu pale chini.

Ni Sajini Wokorach aliyeninong'oneza:
Ntinda yupo mama, amesomea migongo, ana cheti ukutani.
Nikauza mbuzi wawili.
Nikapanda lori la posho, chali juu ya magunia,
Kampala nzima nikaiona kwa chini:
nyaya, matangazo, tumbo la daraja,
na korongo juu ya nguzo, mabega yamepinda,
wastaafu wanaosubiri pensheni.

Nani aliweka mtibu migongo ghorofa ya tatu?
Ngazi hamsini na moja.
Nyingine nilizihesabu mara mbili.

Daktari Nalubwama hakuuliza cheo.
Aliuliza: Unalalaje?
Soksi unavaaje?
Ukienda haja ndogo, unahisi?
Miaka miwili, mbele ya maafande wangapi,
na swali hilo halikuwahi kuulizwa.
Nikajibu nikiangalia viatu vyake.

Akaibandika picha yangu dirishani.
Mbavu zangu zikatua juu ya mapaa ya Ntinda,
boda zikapita ndani ya nyonga yangu.
Akahesabu kwa kalamu, akishuka,
akasimama.
"Pingili hii mimi siigusi."

Mbuzi wawili, mama, niliuza ili iguswe.

"Anayekusukuma hapa anakupooza.
Aliyekupanda kwa magoti, Mungu alimwahi mkono."
Akaandika barua kwa daktari wa upasuaji, Mulago,
mistari mingi, mwandiko wa mtu aliyekasirika
lakini si kwangu.
Akabakiza elfu kumi, zilizobaki akanirudishia.

Kisha akasema, mabega haya nayaweza.
Viganja vidogo, vya moto.
"Legeza."
Nikajaribu. Sikujua kunaanzia wapi.
"Legeza, ssebo."
Nikakaza zaidi, kama gwaride.
"Jeshini mnasemaje?"
Nikamwambia.
Akaitamka vibaya, kwa ulimi wa Kiganda,
taratibu, bila kelele, karibu na sikio:
Muguu pande.

Bega la kushoto likashuka.
La kulia likafikiri kwanza.
Sikulia; niandikeni hivyo.
Macho tu yalikuwa na kazi nyepesi.

Ngazi hamsini na moja kushuka.
Saa kumi lori likaja kunichukua, tupu,
posho yote imeshushwa, mbao na misumari.
Nikaitoa barua mfukoni,
nikaikunja mara moja tu, isichanike,
nikaiweka chini ya kiuno, godoro,
na dereva akatia gia.