Tulikuja na Jembe Letu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulikuja nalo.
Babu Tokuzo alilifunga mgongoni kwa kamba ya katani,
Bibi Ine akabeba vibao vya wafu wetu,
sufuria isiyo na mfuniko,
na mbegu za mpunga ndani ya mkono wa kimono
ulioshonwa midomo yote miwili.

Kusini, shamba lilikwenda kwa kaka mkubwa.
Mdogo hurithi njia.
Wakapanda meli, wakatapika siku nne,
wakashukia Hokkaido, kisha wakatembea
hadi kwenye bonde ambalo karatasi ya serikali
ililiita Nambari Kumi na Saba.
Sharti: miaka mitatu, msitu uwe shamba,
la sivyo ardhi irudi kwa mwenyewe.
"Mwenyewe," karatasini, maana yake serikali.

Kulikuwa na mti mmoja, unene wake
watu wanne kushikana mikono.
Babu aliupiga shoka tangu theluji ilipoyeyuka
hadi mbu walipokuja, na mbu wa kule
hushuka kama pumba zilizopeperushwa.
Ulipoanguka, bibi alisema,
kilichomshtua si kishindo, ni mwanga.
Shangazi Kiyo, wa miezi saba, mgongoni,
alipiga chafya tatu.

Mpunga ukaota, ukachanua, ukasimama wima.
Suke lililojaa huinama; haya hayakuinama.
Baridi ya Agosti ilikuwa imeyanyonya yangali mateke.
Babu aliyakata yote, akayapura, akayapepeta,
siku mbili nzima, makapi matupu,
kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua.

Theluji ikaingia kwenye nyufa, ikalala nao.
Alfajiri bibi aliifagia juu ya blanketi.
Walikula viazi, kisha maganda,
kisha wakaangaliana.

Ndipo akaja Huchi.
Huchi si jina; ni "bibi" kwa Kiainu,
lugha ya watu waliolijua bonde
kabla halijawa nambari.
Alikuja usiku, bila taa,
samoni wawili wa kukaushwa chini ya vazi la magome.
Usiku, maana sheria mpya ilisema mto si wake.
Na theluji ilipoondoka, akamwonyesha bibi, kwa vidole,
pa kuchimba mizizi ya yungiyungi,
namna ya kuitwanga, kuichuja, kuianika.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwaka ule alipona mgeni.

Mwezi Mei, mkaguzi alifika na farasi.
Akanusa boriti za dari.
Akauliza moshi huu ni wa samaki gani,
na amevuliwa na nani.

Hapa hadithi ya nyumbani hukatika.
Shangazi Kiyo husema babu alikaa kimya kama kisiki.
Baba husema alijibu, "Niliwaokota, walikwisha kufa."
Bibi, nilipomuuliza, aliinuka kutazama sufuria
ambayo haikuwa motoni.

Ninachokijua ni cha daftari la wilaya:
vuli ile nyumba tano za Waainu zilihamishwa
kule juu, penye mawe,
na Nambari Kumi na Saba ikaongezewa
ekari sita, upande wa mto.

Ekari hizo ndizo zilizonisomesha.
Siku hizi mpunga unakubali. Mbegu zimezoea baridi,
nasi tumezoea kusema "kwetu."

Kila mavuno, kabla mtu hajaonja,
bibi alipakua bakuli moja, akaenda nalo mtoni,
akarudi nalo tupu.
Babu hakumuuliza. Aligeuza uso
na kuanza kunoa kitu, chochote.

Mwaka huu nimelipeleka mimi.
Nilisimama ukingoni, wali unapoa kiganjani,
samoni wakipanda maji, migongo nje,
nami sijui niite jina gani.