Gari Lenye Makengeza

"Ni upepo," alisema Radoslav aliyeniuzia,
akipangusa boneti kwa kiwiko cha koti lake.
"Hapa Punta Arenas kila kitu huvutwa, dada.
Miti huvutwa. Kofia huvutwa.
Utazoea."

Nikamwamini. Nani asiyeamini upepo
katika mji unaofunga kamba kandokando ya njia
ili wapitao wapate pa kushika?
Tena nilitaka kuamini: miaka kumi na mmoja
ya kubangua kaa kiwandani, vidole vimeliwa na chumvi,
peso juu ya peso ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mpaka zikawa gari, la kijani, mkono wa pili,
lenye harufu ya mbwa wa mtu mwingine.

Usukani ukiwa saa sita kamili, linakwenda mtaroni.
Ukiwa saa tano na nusu, linanyooka.
Basi nikaendesha saa tano na nusu majira yote ya baridi,
bega la kushoto likinikesha usiku,
nikisema wasemavyo wote.
Mlango wa jiko haufungi: upepo.
Kaka yangu Ciro hapigi simu toka Porvenir:
upepo, nyaya, si unajua.

Septemba nikampeleka Mama Natales
kumwona dada yake aliyevunjika nyonga.
Mama hajashika usukani hata siku moja,
ila amekaa na kondoo umri wake wote;
anamjua mnyama anayeficha mguu.

Tulipokwenda, upepo ulitoka kushoto, milimani,
gari likavutia kulia. Sawa. Tukanyamaza.
Tuliporudi, upepo uleule, milima ileile,
sasa iko kulia kwetu,
na gari bado linavutia kulia,
linaufuata upepo uso kwa uso
kama mlevi anayetafuta ugomvi.

Mama akaacha kumenya chungwa.
"Yasna," akasema, "huyu anachechemea."

Fundi Oyarzún hana mashine.
Ana mshipi wa kuvulia, stuli mbili,
na rula ya shule ya mjukuu wake.
Alivuta mshipi toka tairi la nyuma hadi la mbele,
akalala juu ya saruji baridi, akafumba jicho moja,
na kwa muda wa sigara nzima hakusema neno.

"Lina makengeza," hatimaye.
"La kushoto linatazama bahari,
la kulia linatazama Ajentina.
Liligonga kitu zamani. Hii taa ni mpya, hukuona?"
Akanishika kidole, akakipitisha upande wa ndani wa tairi:
kipara, laini kama kisogo cha mtoto,
na katikati ya ule ulaini, waya zikichungulia.

"Radoslav alijua?"
Akapandisha mabega. "Na yeye aliuziwa."

Elfu thelathini na tano kunyoosha.
Tairodi mbali. Matairi, nijitafutie.
Rahisi ghali; nililipa bila kuhesabu tena.

Jumamosi upepo ulikata.
Hutokea, mara mbili tatu kwa mwaka:
moshi ukapanda wima kama nguzo,
mbwa wa mtaani wakasimama, wasijue waegemee wapi.
Nikatoka na gari. Barabara imenyooka mbele yangu,
mlango-bahari umelala kama bati.

Likaenda kushoto.

Lori la kondoo likapiga honi ndefu.
Nikarudi upande wangu, nikasimama pembeni,
moyo kooni, injini ikinguruma taratibu,
nikaitazama mikono:
ilikuwa bado saa tano na nusu,
imeshikilia kitu ambacho hakipo.

Niliitoa, mmoja, kisha wa pili.
Usukani ukarudi saa sita wenyewe, ukatulia.

Nikachukua simu.
Nikatafuta jina la Ciro, nikabonyeza.
Ikaita. Ikaita vizuri kabisa.