Napoli au Sevilla

Dada yangu Nives hainusi tena dunia.
Tangu homa ile ya Februari
pua yake ni dirisha lililopigwa misumari:
kahawa kwake ni maji ya moto yaliyotiwa giza,
na maziwa yakiungua jikoni, ni mimi ninayekimbia.
Mimi nami, Ondina, sikio la kushoto lilikwisha kuhama,
la kulia linafunga virago polepole.
Tukijumlishwa tunatimia mtu mmoja mzima
na chenji inabaki.

Tuna siku sita za mapumziko
na kopo la biskuti lenye euro mia tisa na kumi na nne.
Tumezihesabu mara tatu.
Mara ya tatu ziliongezeka, tukaacha hapo hapo.

Hapa Trieste ni Machi. Upepo wetu unaitwa bora,
na sijaona jina lenye uongo kama hilo:
unapindua miavuli, unavua wazee kofia,
jana umemsukuma padri mpaka mlango wa baa
naye hakushindana nao sana.

Nives anataka Sevilla.
Anasema mwezi wa nne michungwa ya barabarani
huchanua yote kwa pamoja,
hata mwizi akipita anaondoka ananukia.
"Na wewe utafaidi nini?" nikamuuliza.
Akaendelea kukata mkate.
"Nitasimama chini yake.
Pua ikikumbuka, imekumbuka.
Isipokumbuka, utanisimulia."

Mimi nataka Napoli.
Nataka wanawake wanaoitana roshani kwa roshani
kana kwamba simu haijabuniwa,
nataka honi, sahani, ugomvi wa bei ya kome,
kengele zisizoafikiana saa sita ni lini.
Mnong'ono haunifai tena.
Lakini mji mzima ukipaza sauti
huenda moja mbili zikapenya,
nami nizipokee mlangoni
kabla mlango haujafungwa.

Wiki mbili tumebishana nyuma ya bili ya gesi:
huku ngazi, huku joto,
huku treni, huku ndege na magoti yangu yasiyokunjika.
Bwana Calligaris wa ghorofa ya chini akasema
miji yote miwili ni mawe ya zamani tu,
twende ziwani tukale samaki.
Siku tatu hatukumsalimu.

Nives akabandika picha ya mnara kwenye friji.
Nikabandika volkano juu ya mnara.
Asubuhi mnara ulikuwa umerudi juu.
Hatukusemezana; tulibandika tu,
mpaka friji ikavimba kama shavu lenye jino bovu.

Halafu juzi usiku niliamka kunywa maji.
Taa ya stoo ilikuwa inawaka.
Nives amesimama na chungwa mkononi,
amelichoma kucha, analileta puani,
anaondoa, anarudisha,
macho kayafumba
kama mtu aliyepigiwa simu na mstari unakatika.
Sikuingia.
Nilirudi kitandani na kiu yangu.

Leo tumefika kwa wakala, Tullia Sancin,
binti mwenye kalamu mbili nyweleni na ya tatu mkononi.
"Haya, mama zangu. Wapi?"
Tukajibu kwa pamoja.
Mimi: Sevilla.
Yeye — sikumsikia, nilimsoma midomoni — Napoli.

Tullia akaweka kalamu mezani.
"Kwa hiyo bado hamjaafikiana."
"Usiku unapandisha redio mpaka ukuta unatetemeka,"
Nives akanigeukia, akisema kwa nguvu, ofisi nzima ikasikia,
"halafu unaibusu kwa sikio. Unadhani nimelala?"

Nje bora ilikuwa inagonga vioo.
Dada yangu akaanza kucheka, akashika meza,
na kicheko kile nilikisikia chote,
mpaka kikohozi cha mwisho.

Tukavuta viti.
Tukaanza kubishana upya,
kila mmoja akiutetea mji wa mwenzake,
wala hakuna aliyekuwa tayari kushindwa.